Simu ya mke, ukimya wa nahodha: uchambuzi wa kisa kimoja cha ndoa, Tanga

Mume ni nahodha wa boti ya ringneti (nyavu ya kuzungushia samaki) inayoshusha dagaa pale Deep Sea, mwalo wa wavuvi wa Tanga. Mke ni fundi cherehani, ana kibanda Ngamiani na msichana mmoja wa kumsaidia. Ndoa ina miaka 6, mtoto ana miaka 4. Hakuna kipigo, hakuna njaa, na mpaka wanafika kwa mshauri hakukuwa na dalili yoyote ya mwanamke mwingine. Mke alikuja na lalamiko moja: "Naishi na mtu ambaye hata akiwepo hayupo." La mume lilikuwa fupi zaidi: "Anapiga simu sana."

Usiitafute nyumba hii mtaani. Imeundwa kwa mambo yanayojirudia katika ndoa za namna hii, ili asitambulike mtu. Nadharia na tafiti zinazotajwa ni za kweli.

Tuanze na kazi, maana bila kuijua kazi ya mume utamhukumu vibaya. Dagaa huvuliwa kwa taa. Boti hutoka jioni, taa huwashwa juu ya maji, dagaa hujikusanya kwenye mwanga, ndipo nyavu huzungushwa. Mwezi ukiwa mpevu bahari nzima ina mwanga, taa haivuti kitu, na boti nyingi hupaki. Kwa hiyo mwezi mmoja wa nyumba hii una vipande viwili: giza, kama siku 20, mume yuko majini usiku na usingizini mchana; na mbalamwezi, siku 7 hadi 10, yuko nyumbani. Ungedhani ugomvi ni wa wakati wa giza, mke akiwa peke yake. La hasha. Wakati wa giza wote wawili walikuwa na nafuu: mke ana sababu inayoeleweka ya kutomwona mumewe, mume ana sababu halali ya kutokuwepo. Ugomvi uliingia na mbalamwezi, na karibu kila mara ulianza siku ile ile ya kwanza.

Siku hiyo ilikwenda hivi. Mume anaingia saa 1 asubuhi, nguo zinanuka dizeli. Anaoga, anakunywa chai, analala hadi adhuhuri. Saa 9 alasiri anatoka: "Nafika hapo mara moja." Hapo ni kijiwe cha kahawa, mtaa wa pili. Saa 11 jioni mke anapiga simu. Haipokelewi, iko mfukoni imezimwa sauti. Anapiga tena, na tena. Kufikia saa 2 usiku amepiga mara 9. Anaweka kwenye status ya WhatsApp picha ya kanga yenye fumbo la subira. (Zamani angeivaa kanga yenyewe akapita nayo ukumbini, siku hizi fumbo linasomwa na marafiki zake 140 kabla mlengwa hajaliona.) Saa 3 mume anaingia.

— Ulikuwa wapi?

— Hapo kahawani.

— Na simu?

— Nilikuwa kwenye bao.

— Mara tisa, mume wangu. Mara tisa! Ningekuwa nakufa je?

— Si hujafa.

Mke analia. Mume anachukua mto, analala ukumbini. Asubuhi anakwenda sokoni, anarudi na kolekole mkubwa, anamweka jikoni bila neno. Mke anampika. Habari ya jana haitajwi tena, mpaka mbalamwezi ijayo.

Kinachoonekana na kilichopo chini yake

Kwa jirani anayesikia kupitia ukutani, mke ni mkorofi na mume ni mpole. Hapo ndipo ushauri mwingi unapopotea njia. Simu tisa zile hazikuwa za kumchunga mume. Simu ya kwanza ilikuwa na shida ndogo tu: anakula nyumbani au la? Haikupokelewa. Kwa mtu mwenye mfungamano tulivu, yaani asiyeishi na hofu ya kuachwa na mwenzake, jibu la kichwani lingekuwa "yuko na wenzake, atarudi". Kwa mke huyu jibu lilikuwa "ameninyamazia", na kila simu isiyopokelewa ilithibitisha ile iliyotangulia. Kufika ya nne hakuwa akiuliza habari ya chakula tena. Alikuwa anauliza kama bado ana mume.

Na mume? Alipoona jina la mkewe mara ya pili alihesabu kuwa keshashtakiwa. Kupokea ni kuanza kujitetea mbele ya wenzake. Kutopokea ni kuahirisha. "Si hujafa" ni neno baya, halina utetezi, lakini halikutoka kwa mtu aliyetulia. Mwaka 1992 watafiti Dozier na Kobak walipima jasho la ngozi za watu walipokuwa wakihojiwa kuhusu utoto wao. Wale wenye tabia ya kuzima hisia, ambao kwa maneno walijionyesha hawana neno, ngozi zao zilionyesha msukosuko ukipanda pale walipoulizwa habari za kutengana na kukataliwa na wazazi. Ukimya wa mume ni juhudi, na juhudi hiyo ina gharama mwilini. Mke hakuwahi kuambiwa hivyo, na alipoambiwa alishangaa kuliko jambo lingine lolote katika vikao vyote.

Mwenendo huu una jina katika utafiti wa ndoa: mmoja hudai, mwingine hukwepa, na kila mmoja humwongezea mwenzake kile anachokiogopa. Mke akipiga zaidi, mume anakwepa zaidi. Mume akikwepa zaidi, mke anapiga zaidi. Ukimuuliza kila mmoja nani alianza, atakutajia mwenzake, na atakuwa mkweli.

Nadharia, kwa kadiri inavyohitajika hapa

John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza, alieleza kuwa mtoto ana mfumo wa kuzaliwa nao wa kumtafuta mlezi anapoogopa, na kifungo hicho kati yao ndicho kinachoitwa mfungamano. Mary Ainsworth ndiye aliyekwenda kutazama kwa macho, na kazi yake ya kwanza ya nyumba kwa nyumba hakuifanyia Ulaya wala Marekani. Aliifanyia Uganda, karibu na Kampala, mwaka 1954 na 1955, katika familia 26 za Waganda. Kwa hiyo anayesema haya ni mambo ya Wazungu tu asahihishwe kwa upole. Mwaka 1987 Hazan na Shaver wakayahamishia kwenye mapenzi ya watu wazima. Kufikia 1998 Brennan, Clark na Shaver walionyesha kuwa ni afadhali kupima vipimo viwili kuliko kuwagawa watu mafungu: wasiwasi wa kuachwa, na kukwepa ukaribu. Aliye chini kwa vyote viwili ndiye mtulivu. Aliye juu kwa vyote anautaka ukaribu na kuuogopa papo hapo, na huyo ni mgumu kuliko wote, ingawa katika kisa hiki hayumo.

Dodoso lao lina maswali 36, 18 kwa kila kipimo, majibu kuanzia 1 hadi 7. Unajumlisha 18, unagawa kwa 18 (kuna maswali yaliyogeuzwa, alama zake zigeuzwe kwanza, wengi husahau na kupata matokeo ya ajabu). Mke alipata wasiwasi 5.6 na kukwepa 2.1. Mume wasiwasi 2.4 na kukwepa 5.2.

Alama hizo ni za kufungulia mazungumzo, si cheti. Dodoso limetafsiriwa kutoka Kiingereza, na Pwani lina mtego wake: maswali mengi ya kukwepa yanagusa kumfungulia mwenza moyo, na mwanamume wa hapa aliyelelewa kwa staha atajipa alama za juu kwa sababu tu hajazoea kutaja mambo ya ndani. Staha si kukwepa. Njia ya kutofautisha ni kuuliza anafanya nini mke akiwa na huzuni, mlango umefungwa, hakuna mgeni wala mkwe. Mwenye staha atamkaribia hapo. Huyu nahodha alikuwa anakumbuka kwamba betri ya boti haijachajiwa.

Utoto wao ulieleza kiasi, si chote. Mke alilelewa na bibi yake Muheza hadi miaka 7, akachukuliwa ghafla na mama, baada ya mwaka akapelekwa kwa shangazi mjini. Kulelewa na bibi au shangazi si tatizo. Watoto wengi wa Pwani hukua hivyo wakiwa wametulia kabisa. Kilichomuumiza ni kuhamishwa mara mbili bila mtu kumwambia lini wala kwa nini. Mume alianza kwenda baharini na ami yake akiwa na miaka 12. Chomboni anayelia huchekwa. Alijifunza vizuri somo lile, na baharini limemsaidia. Ila tahadhari: uhusiano kati ya utoto na mtindo wa ukubwani upo, lakini si mkubwa kiasi cha kumfunga mtu, na mshauri anayetumia vikao vitano kuchimba utoto huku simu bado hazipokelewi anawapotezea watu nauli.

Ushauri waliokuwa wameshapewa

Somo wa mke, yaani kungwi wake, alimwambia asimsumbue mume anaporudi kutoka kazini; amwandalie, ajipambe, anyamaze. Mke alijitahidi mbalamwezi mbili. Madai hayakuisha, yalihamia kwenye mafumbo na status, na mume akawa hajui kosa lake ni lipi. Mafunzo ya makungwi wa Tanga yana utajiri mkubwa katika mambo ya mwili, usafi na maneno matamu, na sidhani kuna haja ya kuyabeza. Udhaifu wake hapa ni kuutupa mzigo wote upande mmoja. Kijiweni nako mume aliambiwa kuwa mwanamke ukimsikiliza sana atakupanda kichwani.

Wazee wa pande zote waliona hakuna tatizo: mbona wanakaa? Swali lina msingi kuliko linavyoonekana. Mwaka 1994 Kirkpatrick na Davis waliwafuatilia wapenzi kwa miaka 3 wakakuta kuwa pale mwanamke ni wa wasiwasi na mwanamume ni wa kukwepa, uhusiano ulidumu vizuri tu, ingawa haukuwa wa kuridhisha. Kudumu na kuridhika ni vipimo viwili. Wazee wanapima cha kwanza. Hata sheria inapima cha kwanza: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 101, inataka shauri la talaka lipitie kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, isipokuwa kwa sababu maalumu. Baraza linasaidia wengi, lakini watu hufika huko wakiwa wamechoka, na swali linakuwa kubaki au kuachana.

Mambo yaliyobadilishwa

Kwanza, mshauri aliwaona mmoja mmoja, dakika 40 kila mtu. Lengo ni kuuliza mambo ambayo hayasemwi mbele ya mwenzake: kupigwa, kutishwa, kunyimwa matumizi, mtu wa nje. Kukiwa na kipigo njia hii yote haitumiki. Mke atakayefundishwa kuomba kwa upole kwa mume anayempiga ameongezewa hatari, na kifungu cha 66 cha sheria hiyo hiyo kinasema wazi kuwa hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenza wake kwa kumpiga. Na kama mume ana hawara, wasiwasi wa mke si mtindo wa mfungamano, ni taarifa sahihi. Nimeona neno "wasiwasi" likitumiwa na waume wenye makosa kumnyamazisha mke. Hapa yote mawili hayakuwepo.

Kisha duara likachorwa kwenye karatasi, kwa maneno yao wenyewe: "napiga – anaona namshtaki – ananyamaza – naona sina thamani – napiga." Likapewa jina, "ile mashine." Faida yake ni kwamba adui anahama kutoka kwa mtu kwenda kwenye karatasi. Kosa la kawaida lilitokea wiki hiyo hiyo: mke alimwambia mumewe kwenye ugomvi, "Ndiyo maana ukaambiwa wewe ni wa kukwepa!" Majina ya mitindo yakapigwa marufuku nyumbani. Hii ilipaswa kuwa kanuni tangu kikao cha kwanza.

La simu ndilo lililochukua muda mrefu. Mume aliahidi kupiga kila saa, ahadi ya mtu anayetaka kikao kiishe. Ikakataliwa. Yakabaki mawasiliano mawili wakati wa giza: moja saa 11 jioni kabla boti haijatoka, na moja boti ikishafunga. Kila moja lisizidi dakika 5, na liwe na mambo matatu: niko wapi, nitarudi lini, na jambo moja la kumuuliza yeye. Siku za mbalamwezi ni tofauti: akitoka ataje saa ya kurudi, na akichelewa zaidi ya nusu saa atume ujumbe. Mke naye anapiga mara moja, anatuma ujumbe mmoja wenye swali lenyewe ("Unakula nyumbani?"), basi.

Kwa nini saa maalumu na si simu nyingi? Kwa sababu mwenye wasiwasi hatulizwi na wingi. Simu kumi zisizotabirika zinamfundisha kukaa macho akisubiri ya kumi na moja. Mbili zinazofika kwa wakati, siku baada ya siku, ndizo zinazoushusha mfumo. Na kwa mwenye kukwepa, kazi yenye mwanzo na mwisho inabebeka. Anachokimbia ni dai lisilo na mpaka.

Ilikwama mara mbili. Wiki ya kwanza mume alisahau siku mbili, mke akarudi kwenye status. Dawa ilikuwa kengele ya simu yake mwenyewe, si kukumbushwa na mke. Mara ya pili mashine ya boti ilifia majini, wakalala huko, hakuna mtandao. Mke alikesha. Asubuhi mume alipompigia aliendelea na yale yale: "Sasa ningefanyaje?" Ni kweli hakuwa na la kufanya, na jibu halikuwa na msaada. Wakaongeza njia ya dharura: mke akapewa namba ya tajiri wa boti, yaani mwenye boti, na ya nahodha mwingine, kwa masharti kwamba hapigi kabla ya saa 4 asubuhi.

Halafu kupumzisha ugomvi. John Gottman, katika vipimo vyake vya wanandoa, alionyesha kuwa mapigo ya moyo yakizidi 100 kwa dakika katikati ya mabishano mtu hasikii tena, na mwili unahitaji kama dakika 20 kushuka. Kanuni ikawa: yeyote anaweza kusema "nipumue," lakini lazima ataje saa ya kurudi, isipungue dakika 20 na isivuke usiku ule, na aliyeondoka ndiye anayerudi na kufungua mazungumzo. Mara ya kwanza mume alisema "nipumue" akaenda kahawani saa tatu nzima. Kwa mke hiyo ilikuwa kuachwa kulikopewa kibali na mshauri. Mara ya pili mke alimfuata hadi mlangoni akiendelea kusema. Wakarekebisha: mume anakaa barazani, hatoki nje ya nyumba, mke anabaki ndani, hasemi kupitia mlango, anashika cherehani. Ya nne ilifaulu. Kipengele kinachosahaulika ni kile cha kurudi. Bila hicho, pumziko ni ukimya ule ule uliovikwa nguo mpya.

Maneno ya kuomba yalibadilika hivi. Badala ya "Wewe hunijali," mke alifunzwa kutaja tukio, alichohisi, na ombi dogo lenye saa: "Jana hukupokea, nikaona kama sina mtu. Leo ukitoka niambie utarudi saa ngapi." Mume alipaswa kujibu kilichosemwa kabla ya kujitetea: "Nimesikia, uliona uko peke yako." Alilisema mara ya kwanza kama anasoma risiti. Mke alicheka, na kicheko kile kilifanya kazi kuliko maneno.

Kuna la kusema kuhusu yule kolekole. Mke alimwona ni hongo. Mume alimwona ni msamaha: aliamka mapema siku ya mapumziko, akachagua samaki ambao mkewe anawapenda. Watu wa kukwepa mara nyingi hupenda kwa mikono, na asiyeliona hilo atajihesabu maskini kuliko alivyo. Lakini samaki hakujibu swali lililoulizwa. Wakakubaliana aje na sentensi moja: "Jana nilikosea kutopokea."

Baada ya giza tatu

Vikao vilikuwa 6. Tiba ya wanandoa inayolenga hisia, ile ya Sue Johnson na Les Greenberg, kwa kawaida huchukua vikao 8 hadi 20, kwa hiyo tusitarajie makubwa. Mwanzoni, kwa alama 1 hadi 5, mke aliipa ndoa 2 na mume 4. Pengo hilo ni la kawaida. Anayekwepa hupima utulivu, na nyumba yenye ukimya kwake ni nyumba nzuri. Baada ya miezi mitatu mke alitoa 3, mume 3. Ya mume ilishuka. Wengine wangeiita hasara. Mimi naona ndiyo mara ya kwanza alikuwa anaitazama ndoa na si kelele tu.

Ugomvi wa siku ya kwanza ya mbalamwezi haujaisha, umefupishwa. Utaratibu wa siku hiyo ni usingizi wa saa 6 kwanza, kisha jioni wakae pamoja na mtoto kwa muda wa saa moja, na lalamiko lolote lisubiri siku ya pili. Mume bado ni mtu wa maneno machache. Mke bado hupiga mara ya pili.

Lililobaki ni dago, kambi ya uvuvi ya mbali na nyumbani. Kaskazi ikiingia mume ameitwa Mafia kwa miezi mitatu, na mpango wa simu mbili kwa siku hautasimama huko. Alipendekeza apige kila jioni. Mshauri akamtaka ataje siku tatu tu anazoweza kuzitimiza hata bahari ikichafuka. Akataja mbili, Jumatatu na Ijumaa baada ya isha, na mke akaomba iongezwe ya tatu, ya mtoto, Jumapili asubuhi. Akaafiki. Namba ya tajiri wa Mafia bado inatafutwa.